Umemaliza Mwaka Gani? Alama za Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu

Haya ndiyo niliyowaambia wazazi na wahitimu wetu wa kidato cha sita tulipokutana bwaloni baada ya matokeo kutoka. Waliokosa kufika wameniomba, nami nayaweka yote.

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi vijana mliobanana kule nyuma kana kwamba mmekuja kusindikiza tu: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Bati la bwalo letu halina huruma saa hizi, kwa hiyo sitaanza na historia ya shule. Matokeo yametoka, kila mmoja ameshayaona kwenye simu, na wapo wazazi walioyaona kabla ya mwenye nayo. Dirisha la udahili limefunguliwa. Mkuu wa shule ameniomba nizungumzie maombi ya chuo, nami nimechagua kipande kimoja tu cha shughuli hiyo, kile kinachoumiza watu kimyakimya.

Mtu akija ofisini kwangu na matokeo yake, swali langu la kwanza silo "umepata ngapi?" Namuuliza: umemaliza mwaka gani? Wengine hudhani nawazungusha. Siwazungushi. Katika nchi hii yetu ya Tanzania, herufi C haina thamani moja. Ina thamani ya mwaka wake. Na chuo kikuu kinapokupokea au kukukataa, kinaisoma C yako pamoja na mwaka ulioandikwa pembeni yake.

Nianze na jambo dogo, maana hili dogo ndilo linaloanza kuwachanganya wazazi.

Baba mmoja alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ni matokeo ya bintiye: daraja la kwanza, pointi 4. Ya pili ni ukurasa aliochapishiwa steshenari kutoka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, umeandikwa kuwa sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu ni prinsipali mbili, yaani masomo mawili yaliyofaulu kwa E au zaidi, zenye jumla ya pointi 4. Akaketi, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, kumbe mtoto kapenya kwenye tundu la sindano. Na mimi nimeshachinja mbuzi."

Hebu tuhesabu pamoja, msicheke tu. Baraza la Mitihani linapopanga madaraja ya kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Yanachukuliwa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaousomea mtoto. Mwenye pointi kidogo ndiye bora: daraja la kwanza ni kuanzia 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17. Binti yule alikuwa na A, A na B. Moja, moja, mbili: nne. Sasa nendeni TCU. Kule A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye nyingi ndiye bora. Binti yule yule, kwa A zile zile, ana pointi 14, na kikomo ni 15! Nilimwambia mzee avae kofia yake. Mbuzi hakuliwa bure.

Mnaona? Mwaka mmoja, mtoto mmoja, matokeo yale yale, na tayari kuna hesabu mbili zinazokwenda kinyume. Hapo hatujagusa mabadiliko. Sasa tuyaguse.

Mkulima wa hapa Morogoro ukimwambia unanunua gunia kwa bei fulani, hakujibu mpaka akuulize: gunia la kilo mia, au lumbesa? Neno ni gunia, lakini lumbesa ina kichwa kinachofungwa kamba juu, na tofauti inatoka mfukoni mwake. Alama za shule tumezifanyia hivyo hivyo. Tumebadilisha ujazo, tukaacha jina.

Wenye umri wa kukumbuka, kumbukeni Februari 2013. Waziri wa Elimu wakati huo, Dakta Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu asilimia 60, walipata daraja sifuri. Nchi ilisimama. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume ya uchunguzi chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mambo mengi yalisemwa kuhusu walimu, vitabu na maabara, na mengi yalikuwa kweli. Lakini lilikuwapo na jambo la mizani: mwaka ule viwango vya alama vilikuwa vimefungwa, havikurekebishwa kulingana na matokeo ya somo kama ilivyokuwa imezoeleka. Mwezi Mei serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yanafutwa na yatapangwa upya. Yakapangwa upya, na waliofaulu wakapanda hadi asilimia 43 hivi.

Simameni kidogo hapo. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Hakuna mtoto aliyeitwa arudie kuandika hata sentensi moja. Je, kijana aliyekuwa amefeli Februari na amefaulu mwishoni mwa Mei, alijifunza nini katikati? Hakujifunza kitu. Alikuwa nyumbani anachunga ng'ombe au anauza vocha. Kilichosogea ni mstari.

Mwisho wa Oktoba mwaka huo huo, zikiwa zimebaki siku chache kidato cha nne waingie kwenye mtihani, wizara ikatangaza viwango vipya. A ikawa kuanzia 75, ikaja herufi mpya, B+, ya 60 hadi 74, B ikawa 50 hadi 59, C 40 hadi 49, D 30 hadi 39, E 20 hadi 29. Wakati huo huo likatangazwa daraja la tano badala ya sifuri. Hilo la daraja la tano lilipigiwa kelele mpaka sifuri ikarudishwa mahali pake. Kelele zote zikaenda kwenye sifuri. Kuhusu B+ na C ya 40 hakuna aliyepiga kelele, na hizo ndizo zilizokuja kuamua nani anaingia chuo.

Baadaye ikaja GPA, yaani wastani wa pointi. Waliomaliza kidato cha nne 2014 hawakupewa daraja la kwanza wala la pili. Walipewa distinksheni, meriti, krediti, pasi. Waliomaliza kidato cha sita 2015 nao vivyo hivyo. Kisha Desemba 2015 akateuliwa waziri mpya, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani na alikuwapo matokeo ya 2012 yalipotangazwa. Januari 2016 akaagiza turudi kwenye madaraja. Kwa kidato cha sita, kuanzia mwaka huo, A ni 80 na kuendelea, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39. Chini ya hapo ni F.

Mimi binafsi nadhani kurudi kwenye madaraja kulikuwa sawa. GPA inafaa mahali ambapo mtu anapimwa muhula kwa muhula, si kwa mtihani wa wiki mbili au tatu. Lakini angalieni nani alikuwa njiani. Waliokaa mtihani Mei 2016 walikuwa wameingia kidato cha tano mwaka 2014, wamefundishwa na kupimwa chini ya B+, wameambiwa 45 ni C, wamebakiza miezi michache. Goli likasogezwa wakiwa ndani ya boksi la adhabu.

Kuna binti aliyemaliza kidato cha nne 2014 akapata distinksheni. Baba yake, fundi cherehani, alikibandika cheti kile kwenye kioo cha duka lake mpaka jua likapausha maandishi ya nakala. Mwaka 2017 binti akamaliza kidato cha sita, daraja la pili. Baba akaja hapa mkali. "Mwanangu alikuwa distinksheni. Mmemfanya nini huku kwenu?" Hatukumfanya kitu. Vyeti vyake viwili viliandikwa kwa vipimo viwili. Mzee alielewa baada ya nusu saa. Kazi ilikuwa pale binti alipoomba nafasi ya chuo nje ya nchi, na wale wa kule, ambao hawamjui Kawambwa wala Ndalichako, wakauliza kwa nini cheti kimoja kina B+ na kingine hakina, na kwa nini kimoja kina GPA na kingine kina daraja. Ilibidi iandikwe barua ya ukurasa mzima kuwaeleza mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo wewe mwenye vyeti vya zama mbili, ukiomba nje, usingoje waulize. Njoo tukuandikie barua hiyo mapema, uiambatishe.

Sasa nifike kwenye kiini chenyewe, na naomba hapa wenye kalamu waandike.

TCU haikuweza kukaa kimya wakati herufi zinabadilika. Ndiyo maana ukifungua mwongozo wake wa udahili unakuta waombaji wa kidato cha sita wamegawanywa kwa miaka. Waliomaliza kabla ya 2014: prinsipali mbili, jumla pointi 4, A ikiwa 5 mpaka E ikiwa 1. Waliomaliza 2014 na 2015: C mbili, jumla pointi 4, lakini A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Waliomaliza 2016 na kuendelea: prinsipali mbili, jumla pointi 4, tumerudi A 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Ukisoma haraka unasema nini? Unasema wa 2015 walitakiwa C mbili, sisi wa sasa tunaingia hata kwa D mbili, basi mlango umeteremshwa. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakisema hivyo kwenye daladala: "Siku hizi na D unaenda chuo kikuu!" Jamani, kweli?

C ya 2015 ilianzia 40. C mbili ni alama 80 kwa masomo mawili. D ya leo inaanzia 50. D mbili ni alama 100. Unataka kuingia kwa C na E? Sitini na arobaini, bado ni 100. Mlango haukuteremshwa. Umepandishwa, ila umepandishwa kwa herufi inayoonekana kama imeshuka. Kijana mwenye 45 na 45 mwaka 2015 alikuwa na C mbili, pointi 4, na sifa za chuo kikuu. Kijana mwenye 45 na 45 leo ana E mbili, pointi 2, na hana sifa. Akili moja, jasho moja, alama moja. Mmoja anaingia, mwingine anabaki nje.

Mimi sipingi kupandishwa. Chuo kikuu si stendi ya mabasi. Ninachopinga ni sisi kuwacheka watoto wa leo kwa D zao bila kujua D hiyo ina nini ndani.

Upande wa pili wa jambo hili nao una machungu yake. Alinijia kijana, sasa hivi ni mtu mzima mwenye familia, anafanya kazi ya karani ghalani. Alimaliza 2015. Ana C ya Kiswahili, D ya Historia, E ya Kiingereza. Akakuta ndugu yake mdogo ana kipeperushi cha chuo, jedwali la pointi la mwaka huu. Akahesabu: C ni 3, D ni 2, jumla 5. Amevuka nne! Akalipa ada ya maombi kwenye vyuo vitatu. Vyote vitatu vikamkataa, na kimojawapo kilimkataa kwa ujumbe wa neno moja ambao ulimkosesha usingizi kuliko kukataliwa kwenyewe. Alikuja akiamini ana jina baya mahali fulani.

Nikamuuliza: umemaliza mwaka gani?

Kwa jedwali lake yeye, C ni 2 na D ni 1. Ana 3, na C anayo moja tu badala ya mbili. Hakuwa na jina baya. Alikuwa na jedwali la mdogo wake. Na mifumo ya maombi haikosei katika hilo, kwa sababu ile namba ya mtihani unayoijaza, inayoanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, inamalizia na mwaka. Ukiandika mwaka, umeshaiambia kompyuta jedwali lipi litumike. (Na msithubutu kukosea mwaka huo. Kuna anayeandika mwaka wa leo kwa mazoea, halafu anashangaa mfumo unamwambia hayupo duniani.)

Karani wetu sasa yuko kwenye stashahada. Akiimaliza na GPA ya kuanzia 3.0 ataomba shahada kwa mlango wa sifa linganishi, ule wa wasioingia kwa alama za kidato cha sita. Wengine wa aina yake hupita programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, nayo inadai 3.0 pia. Milango ipo, ila haikuandikwa kwenye kipeperushi cha mdogo wake.

Nisogee kwa vijana wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, maana nyie ndio mnaonipigia simu usiku. Wote mnataka udaktari. Sawa. Tuseme kijana ana Biolojia 72, Kemia 61, Fizikia 47. Baraza halikuoneshi alama hizi, linakuonesha herufi, lakini tuseme tunazijua. Leo hizo ni B, C na E. Daraja la pili, pointi 10. Kwa TCU ana pointi 8. Udaktari wa binadamu unataka prinsipali tatu, jumla isiyopungua 6. Nane si inazidi sita? Mbona anakosa? Anakosa kwa sababu sharti linaendelea: angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, na Fizikia yake ni E. Pembeni yake amekaa mwenzake mwenye D, D, D. Daraja la pili vilevile, pointi 12, kwa TCU ana 6. Huyu, ambaye jumla yake ni ndogo, ana sifa ya kuomba. Kama atashinda ushindani ni habari nyingine, na sitaki kuwadanganya, kwa D tatu ushindani ni mkali. Lakini fomu inampokea, na ya yule wa kwanza inakataliwa na mashine kabla binadamu hajaiona.

Sasa mrudisheni yule wa kwanza mwaka 2015 na alama zake zile zile. 72 ni B+. 61 ni B+ pia. 47 ni C. Pointi 10, na hana herufi ya kumwonea aibu. Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Mabadiliko ya viwango hayamgusi sana mwenye 90, wala mwenye 15. Mwenye 90 ana A katika kila zama, na mwenye 15 ana F katika kila zama. Yanamgusa wa katikati, wa 47, wa 58, wa 61, na bwalo hili limejaa watoto wa 47, 58 na 61. Nawajua, nimesahihisha madaftari yao.

Msidhani ni sisi tu. Majirani zetu wa Kenya wana hadithi yao, na wazazi wenye ndugu Nairobi au Mombasa mnaijua. Kule mlango wa chuo kikuu ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mwaka 2015 waliopata A kamili walikuwa 2,636. Mwaka 2016, waziri akiwa Fred Matiang'i, wizi wa mitihani ukabanwa kwelikweli, na A zikawa 141. Kutoka elfu mbili na mia sita hadi mia moja arobaini na moja! Waliofikisha C+ na zaidi walikuwa 88,929. Wakenya walibishana, na hawajamaliza, kama ilikuwa ni wizi uliokoma au ni usahihishaji uliokaza. Ila kwenye vyuo matokeo yalionekana wazi. Serikali iliweza kuwapangia nafasi wote waliofuzu, na vyuo vya umma vilivyokuwa vinaishi kwa wanafunzi wa kujilipia wa jioni vikaanza kukauka mfuko. Umebana mtihani wa sekondari, mhadhiri anachelewa kulipwa.

Halafu 2023 wakagusa kanuni yenyewe. Zamani wastani ulilazimisha Kiingereza, Kiswahili, Hisabati na sayansi mbili ndani ya masomo saba. Sasa ni Hisabati, lugha moja, na masomo matano aliyofanya vizuri zaidi. Waliofika C+ wakapanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133. Shangwe. Lakini wastani unakufungulia geti la nje tu. Kozi ya uhandisi bado inataka Hisabati, Fizikia na Kemia zako, hata kama Fizikia hiyo ilitupwa nje ya wastani. Wapo waliosherehekea C+ mwezi Januari, na walipofika kuchagua kozi wakakuta wanayoitaka haiwatambui. Ndugu zangu, hiyo si ndiyo ile ile ya kijana wetu wa PCB?

Ndiyo maana nawaambia wenye watoto wa kidato cha nne na cha tano, ambao mmekuja leo kwa udadisi tu: tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65. Nafurahi, watoto wana nafasi ya kuchagua. Lakini kabla mtoto hajachagua kwa sababu rafiki yake kachagua, fungueni mwongozo wa TCU, tafuteni kozi anayoiota, msome masomo yaliyotajwa kwa majina. Tahasusi nzuri ambayo masomo yake hayatajwi kwenye kozi unayoitaka itakupa daraja la kwanza na kukuacha nje. Na General Studies, lile somo lililo nje ya tahasusi, msiihesabu, haiingii kwenye daraja lenu. Siidharau, naifundisha mimi mwenyewe.

Kwa wenye mamlaka, kama yupo aliyetumwa kutusikiliza, ninalo ombi moja tu na si kubwa. Badilisheni. Ni haki yenu, na wakati mwingine ni wajibu. Lakini tangazeni kwa anayeingia kidato cha kwanza na kidato cha tano, msitangaze kwa aliyeshika kalamu mlangoni pa chumba cha mtihani. Mtoto anayeanza ana miaka minne au miwili ya kujipanga. Aliyebakiza siku chache hana cha kujipanga, anapigwa tu. Na mkibadilisha, chapisheni jedwali la zamani na jipya ubavuni kwa ubavu, kwa Kiswahili, libandikwe kwenye ofisi ya kata, maana wazazi wengi wanaopeleka watoto chuo kikuu hawafungui tovuti ya wizara. Yule baba wa mbuzi alihitaji nusu ukurasa tu.

Nanyi wazazi, mtoto akikuletea herufi, usimlinganishe na kaka yake wa 2015, wala na wewe wa 1994. Muulize amepata nini katika kila somo, muulize kozi anayoitaka inadai nini katika kila somo, kisha mkae muweke karatasi mbili pamoja. Mkifanya hivyo leo jioni mtaokoa ada ya maombi na machozi.

Basi. Twende kazini. Chumba cha kompyuta kiko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, walimu wawili wako pale. Tangu 2017 mnaomba moja kwa moja kwenye chuo husika, kwa hiyo msitafute mfumo mmoja wa kuombea vyote. Waliomaliza mwaka huu panga mstari kulia, kila mmoja na namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, zote mbili, pamoja na miaka yake. Mwenye kuchaguliwa zaidi ya chuo kimoja, akipata ile namba ya siri ya kuthibitisha asimpe mtu, hata mjomba. Waliomaliza 2014 na 2015, kama mpo, na naona wawili watatu mmejificha kwa wadogo zenu, msiende kulia. Njooni kushoto, kwangu, na jedwali lenu ninalo hapa.